Lango linafungwa saa moja na nusu, mshahara unaanza saa mbili

Ndugu zangu, ninaandika nikiwa na hasira na sitaificha. Jina la depo ninakofanya kazi hapa Lubumbashi silitaji kwa sababu nina watoto wa kulisha, ila wenzangu wakisoma watajua ninasema nini.

Kontra yetu inasema kazi ni saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na nusu, saa moja ya kula katikati, Jumatatu hadi Jumamosi. Tangu mwaka huu uanze, lango linafungwa saa moja na nusu. Ukifika saa moja na dakika arobaini, sentineli, mlinzi wa lango, amekatazwa kukufungulia. Unasimama nje hadi shefu wa depo aje, anakuandika kwamba umechelewa, na mwisho wa mwezi unakuta umekatwa mshahara. UMECHELEWA, na saa mbili haijafika!

Ile nusu saa si ya kukaa na kupiga soga. Tunafagia, tunahesabu mizigo ya jana, tunapakia gari la kwanza, halafu shefu anatukusanya na kutugombeza kwa makosa ya siku iliyopita. Saa mbili ikigonga gari limeshajaa na dereva amewasha injini. Ndipo daftari la pointaji, la kuandika saa ya kuingia kazini, linatolewa ofisini, kila mtu anaandika "saa mbili" na kutia sahihi. Hapo ndipo panaponichoma zaidi. Tunalazimishwa kuandika kwa mikono yetu kwamba kazi tuliyoimaliza sasa hivi haikufanyika.

Hebu tuhesabu pamoja. Nusu saa kila siku, siku sita, ni masaa 3 kwa wiki, na kwa mwezi yanafika kama 13. Hiyo ni zaidi ya siku nzima ya kazi ambayo kila mmoja wetu anampa patroni, yaani mwajiri wetu, bure. Na sisi si wawili wala watatu pale ndani.

Sheria ya kazi ya nchi yetu, Kongo, ni ile namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002. Kifungu cha 119 kinasema kazi isizidi masaa 45 kwa wiki na masaa 9 kwa siku. Kinasema pia masaa hayo yanahesabiwa kuanzia pale mfanyakazi anapokuwa mahali pa kazi, tayari kuifanya, mpaka kazi isimame. Rudi sasa kwenye kontra yetu: saa mbili hadi saa kumi na nusu, toa saa ya kula, ni masaa 7 na nusu kwa siku. Zidisha mara sita. Ni 45 kamili! Wametujaza mpaka ukingoni, halafu wakaongeza mengine 3 juu. Hayo 3 yote ni masaa ya ziada, na masaa ya ziada yana bei yake: yale 6 ya kwanza kwa wiki yanalipwa kwa nyongeza ya asilimia 30, yanayofuata asilimia 60, na ukiitwa siku ya mapumziko ni asilimia 100. Sisi hatupati hata faranga moja.

Nitakuwa mkweli, kwa sababu najua kuna watakaonijibu hivyo: muda wa njiani hauhesabiwi, sheria yenyewe imeuweka pembeni. Sina shida na hilo. Mtu akiamua kufika mapema kwa kukimbia msongamano, akae nje anywe chai yake, huo ni muda wake na hamdai mtu. Lakini ukishaniamuru niwe ndani, ukafunga lango, ukanipa ufagio na mizigo, basi nimeanza kazi. Hapo hakuna cha kubishana.

Wanaosema "nusu saa ni kitu gani" hawajui inaanzia wapi. Tuna mama mmoja kazini anayetoka Kalebuka, pembezoni mwa mji. Ili awe ndani saa moja na nusu, lazima awe barabarani saa kumi na moja na nusu, na mwezi wa sita saa hiyo bado ni giza na baridi inauma. Anatembea peke yake mpaka kwenye basi, njia ambayo watu wanaporwa simu na mikoba. Basi likijaa hawezi kungoja la pili, anapanda moto, yaani pikipiki ya abiria, na hela yake inatoka mfukoni mwake. Mtoto wake mdogo anamwacha amelala kwa jirani, maana saa hiyo hakuna shule iliyofunguliwa. Kabla lango halijabadilishiwa saa, mtoto huyo alikuwa anamvalisha na kumfikisha shuleni mwenyewe. Asubuhi moja mama huyo alifika amechelewa kidogo tu, akakatwa kama sisi wengine, akaingia kupakia bila kusema neno. Mimi ndiye niliyeshindwa kunyamaza.

Jioni nako kuna mstari wa kupekuliwa langoni. Unaweza kusimama hadi karibu saa kumi na moja. Hilo nalo bure.

Papa mmoja, mzee tunayemheshimu sana, aliniambia, "Mwanangu, kazi ni adimu, funga mdomo." Ninamwelewa. Kila wiki tunawaona vijana langoni na bahasha za maombi ya kazi mikononi, na shefu hakosi kutuonyesha kwa kidole. Lakini mwingine, kijana wa rika langu, alisema kudai mshahara ni mambo ya wageni, sisi hatukuzoea. Hilo silikubali hata kidogo. Tarehe 9 Desemba 1941, katika mji huuhuu, wafanyakazi wa kampuni ya madini ya Union Minière walipigwa risasi kwenye uwanja wa mpira kwa sababu walidai mshahara, na Léonard Mpoyi aliyekuwa mbele yao aliuawa. Watu wa hapa walidai wakati kudai kulikuwa ni kufa. Asituambie mtu kwamba hatukuzoea.

Delege wetu wa sendika, yaani mwakilishi wetu wa chama cha wafanyakazi, aliahidi kumwona patroni. Mpaka leo kimya. Na tunachoomba si kikubwa. Lango lifunguliwe saa mbili kama kontra inavyosema. Au tuanze saa moja na nusu rasmi na kutoka saa kumi, patroni hapotezi chochote. Au yale masaa 3 yalipwe pamoja na nyongeza yake. Mimi ningechukua lile la pili hata kesho, na wengi niliozungumza nao wanasema hivyohivyo.

Ninachohitaji kwenu ni hiki. Najua mgogoro unaanzia kwa inspekta wa kazi wa serikali kwa ajili ya mapatano kabla ya kufika tribinali, yaani mahakama ya kazi. Lakini daftari lao linasema saa mbili na sahihi ni zetu. Kwa hiyo nimeanza kuandika kila jioni kwenye daftari langu saa niliyoingia na gari tulilopakia, na ninahifadhi ujumbe wa shefu kwenye WhatsApp anapotuamuru tuwe ndani saa moja na nusu. Je, inspekta anapokea vitu kama hivyo? Nani hapa, awe Lubumbashi, Likasi au Kolwezi, alishaenda kwake kwa jambo la masaa? Mlikwenda wengi pamoja au mtu mmoja? Na baada ya hapo, aliendelea na kazi yake au walimtoa? Asiyetaka kujibu hapa mbele ya watu aniandikie pembeni.