Seti ya jukwaa inahamishwaje mji hadi mji kwa siku moja?

Bi Pazia
Habari zenu wakuu. Kikundi chetu cha Dar kina igizo la nyimbo na ngoma, tunalipeleka Morogoro, Dodoma, kisha Mwanza. Safari iliyopita, kufungua na kufunga seti kulituchukua siku mbili, na ukuta wa nyumba ya mzee, mita tatu na nusu kila upande, ulikataa kuingia kwenye Fuso. Tuliukata msumeno pale pale barabarani. Nasikia Marekani igizo kubwa linamalizika Jumapili usiku na Jumanne jioni linaonyeshwa mji mwingine. Ni wingi wa watu tu?

Mpakiaji wa Minneapolis
Dada, huu ni mwaka wangu wa saba kupakia na kupakua kwenye majumba ya maonyesho hapa. Watu ni wengi kweli, ila kazi inaanzia kwenye mchoro. Trela la hapa lina futi 53, kama mita 16, na upana wa ndani ni mita mbili na nusu hivi. Seti ya safari haichorwi na kipande kipana kuliko hapo. Ghorofa unayoiona jukwaani ni fremu zilizoshikwa kwa bawaba na pini. Msumari hauna nafasi.

Igizo kubwa husafiri hata na sakafu yake. Vibao vina mifereji, na chini yake mna nyaya za chuma zinazovutwa na winchi, yaani mashine ya kuzungusha na kuvuta waya. Ndizo zinazoleta kitanda au meza mbele bila mtu kuonekana. Tunapima kwanza, tunapiga mstari wa chaki katikati ya jukwaa, tunaanzia hapo kwenda pembeni. Kibao cha kwanza kikienda kombo kidogo, cha mwisho kinagonga ukuta.

Taa hupandishwa juu kabla sakafu haijalazwa, kwa hiyo hata magari yana zamu ya kufika mlangoni. Asubuhi moja sanduku la pini za sakafu lilikuwa limepakiwa kwenye gari la mwisho, nyuma ya mapazia. Tulisimama zaidi ya saa mbili tukilisubiri.

Bi Pazia
Asante kaka. Sisi winchi hatuna. Tuanzie wapi?

Mpakiaji wa Minneapolis
Pima Fuso kabla ya kupima jukwaa. Kila kipande kipe namba. Kinachohitajika kwanza kipakiwe mwisho. Mlangoni asimame mtu mmoja mwenye karatasi, na asisikilizwe mwingine.

Halafu hili nakuomba sana. Mkitumia mapazia ya kapi, yanayopandishwa kwa kamba na kusawazishwa na vyuma vya uzani upande wa pili, wakati wa kufungua shusheni bomba linaloshika pazia hadi chini, mtoe vyuma kwanza, ndipo mfungue pazia. Ukitangulia kufungua pazia, vyuma vinaporomoka na bomba linaruka juu. Nimeliona kwa macho yangu. Kijana aliachia kamba mapema, ndiyo maana mikono yake ni mizima.

Dereva wa Dodoma
Niongeze kidogo: msifunge kwa katani, inalegea njiani. Nunueni mikanda ya kukaza, msimame Chalinze mkague tena.

Bi Pazia
Nimetoka kulipima Fuso. Bodi ndani ni mita 5.4 kwa 2.2. Ukuta wa mzee utakuwa vipande viwili vya bawaba. Fundi anaanza kesho.