MREJESHO: lile neno "dingy" nimelielewa

Wakuu habari, mimi ndo yule niliyeuliza wiki iliyopita maana ya neno la Kiingereza "dingy", natafsiri hadithi yenye chumba cha kupanga London na nilikuwa nimeandika "chumba kichafu" ila moyo ukagoma. Asanteni sana kwa majibu yenu.

Kumbe sio uchafu wa kufagia ukaisha. Kilichonifungua macho ni shati jeupe la shule la mdogo wangu, limefuliwa juzi tu, linanukia sabuni kabisa, lakini ukiliweka kwenye mwanga lina rangi ya majivu na kola imeganda uhudhurungi usiotoka hata uloweke usiku kucha, sasa hiyo ndo dingy yenyewe, uchafu uliokwisha kuwa rangi. Kwa hiyo nimeandika "chumba kilichofubaa, kuta zimeshika weusi wa moshi" na naona imekaa vizuri mno.

Asili yake, limeandikwa 1736 kama neno la watu wa Kent, kusini mashariki mwa Uingereza, kwa maana ya chafu, na wengi wanalihusisha na "dung" yaani samadi, japo hawajathibitisha.

Halafu aliyesema ni mtumbwi, mkuu hiyo ni "dinghy" yenye h, imetoka India, Kihindi na Kibengali, inasomwa dingi. Hili letu ni dinji. Hayana undugu kabisa.

Nimebakiza kurasa nne, nikikwama tena nitarudi.