Saga ndani ya nyumba: mbegu zimegoma, na sasa mwenye nyumba anasema ni bangi

Kutoka: Wa Nyalenda (sasa Leipzig)

Hamjambo wote,

Najua wiki hii tulikuwa kwenye mambo ya bima ya afya, lakini naomba tushuke jikoni kidogo. Mwezi wa tatu shangazi alikuja kunitembelea, na pembeni mwa leso yake alikuwa amefunga vifundo vinne vya mbegu za mboga za majani: saga (mgagani), managu (mnavu), mrenda na kunde. Mimi sijawahi kupanda kitu maishani. Kwetu mboga ilitoka sokoni Kibuye, Kisumu, na kabla ya Kibuye sikujua ilitoka wapi.

Naishi ghorofa ya tatu, dirisha linatazama kaskazini, jua silioni. Kijana wa jirani alipohama aliniachia hema lake la kupandia, sentimita 60 kwa 60, pamoja na taa ya LED ya wati 100. Yeye alikuwa anapanda bangi. Huku Ujerumani tangu tarehe 1 Aprili 2024 mtu mzima anaruhusiwa kuwa na mimea mitatu nyumbani kwake. Akaniambia mbegu ni mbegu tu: loweka, weka kwenye karatasi yenye unyevu, washa taa saa 18 kwa siku, subiri. Nikafuata.

Kunde ziliota siku ya nne kama zilizotumwa. Mrenda, mbegu mbili kati ya hamsini hivi. Managu iliota vizuri, halafu asubuhi moja nikakuta miche imelala yote, shingo zimekuwa nyembamba kama uzi. Saga leo ni siku ya 23 na hakuna hata moja.

Nimechoka kununua spinachi na kujidanganya. Nifanyeje?

* * *

Kutoka: Mama Mboga (Kisumu, zamani Bremen)

Mwanangu,

Nilikaa Bremen miaka 11 na saga nimeikuza bafuni, kwa hiyo nisikilize mimi, si yule kijana wa bangi. Hakukudanganya, ila alikuwa anazungumzia mmea wake.

Kwanza, muulize shangazi alivuna lini. Saga mpya inalala. Ukiivuna leo ukaipanda kesho, unapanda mchanga. Inataka kukaa kavu miezi mitatu, bora hata sita, ndipo iamke. Mimi hapa naandika mwezi kwenye kila bahasha, na mteja akija kuchukua mbegu za msimu huu namrudisha. Ananuna, lakini baadaye anashukuru.

Pili, hiyo taa. Saga haipendi mwanga wakati wa kuota. Ukiiacha juu ya karatasi chini ya taa ya wati 100 inakaa hivyo hivyo macho wazi. Ifunike kwa udongo, chini kidogo tu, nusu sentimita inatosha, na juu ya trei weka gazeti mpaka uone vichwa. Zikishachomoza ndipo utoe gazeti, na hapo uipe mwanga wote ulio nao kwa sababu ni mmea wa jua kali. Ikikosa mwanga inarefuka kama mwanafunzi wa kidato cha kwanza na haikupi majani.

Tatu, joto. Digrii 30 ndizo inazozipenda, na ikishuka kidogo usiku hakuna ubaya. Trei yako najua iko sakafuni. Toa hapo. Mimi niliweka zangu juu ya friji, nyuma kule kunakotoka joto. Nunua kipimajoto cha bei rahisi ukichomeke kwenye udongo wenyewe, kwa maana joto la chumba na joto la udongo ni ndugu wasiosalimiana.

Mrenda ganda lake ni gumu. Chemsha maji, zima moto, funga mbegu kwenye kitambaa, tumbukiza, hesabu mpaka 10, toa, weka kwenye maji baridi. Basi. Usizipike.

Hiyo managu iliyoanguka ni kuvu, na kuvu umeiita wewe mwenyewe kwa kumwagilia kila jioni. Udongo ukilala na maji, hewa imetulia, miche imebanana, shina linaoza pale pale linapogusana na udongo. Tupa udongo huo wote, usijaribu kuuokoa. Anza na mpya, panda kwa nafasi, weka trei ndani ya sinia lenye maji ili inywe kutoka chini kwa dakika 20, kisha mwaga yaliyobaki. Na feni ndogo izunguke. Ukija kupata tunda lililoiva, likamue, osha mbegu mpaka utelezi wote uishe, anika kwenye karatasi kivulini. Mbegu ya managu ikikauka na utamu wake juu haioti sawasawa.

Gawa saga yako mara mbili. Nusu jaribu sasa kwa gazeti na friji, nusu weka kwenye bahasha ya khaki mpaka mwezi wa sita. Na usiihamishehamishe, ina mzizi mmoja unaoshuka moja kwa moja, ukiukata inakununia.

* * *

Kutoka: Mwalimu (Nakuru)

Mama amemaliza, mimi naongeza la karatasi tu. Leso ya shangazi ilipita kwa bahati, si kwa haki. Tangu tarehe 14 Desemba 2019 mbegu za kupanda zinazoingia Umoja wa Ulaya kutoka nje zinatakiwa kuwa na cheti cha afya ya mimea, hata zikiwa kijiko kimoja ndani ya begi. Kwetu kinatolewa na KEPHIS, shirika la serikali la kukagua afya ya mimea, na hapa Nakuru wana ofisi. Shangazi akija tena, apitie kwao kabla ya safari. Afisa wa forodha akizikuta bila cheti atazitupa, na akiamka vibaya atakupiga faini.

Halafu wale vijana wanaonisoma kimya: habari ya mimea mitatu ni ya huko. Hapa bangi bado ni kosa chini ya sheria ya dawa za kulevya ya 1994. Msije mkarudi Krismasi na mbegu mfukoni.

* * *

Kutoka: Wa Nyalenda (Leipzig)

Mama, Mwalimu,

Wiki saba zimepita, samahani kwa ukimya. Shangazi alivuna Januari, kwa hiyo ulisema kweli. Nusu ya kwanza ziliota sita tu. Nusu ya pili nilizitia udongoni mwezi wa sita, juu ya friji, chini ya gazeti, na siku ya sita nilipofunua nilipiga kelele mpaka mtoto akaamka. Kijani kila mahali.

Sasa nina mimea 22 ya saga na hapo ndipo kisa kinapoanza. Jumatatu alikuja msoma mita. Mita iko chumba kile kile, hema lilikuwa wazi, taa ya zambarau inawaka. Akasimama. Mnaijua saga, jani lake limepasuka vidole vitano, na yangu mingine ina saba. Akahesabu kimya kimya kwa kidole, nikamwona midomo ikicheza. Akaandika mita yake akaondoka bila kuaga. Jumatano barua ya mwenye nyumba ikaja: mimea ishirini na zaidi, kinyume cha sheria, nieleze kwa maandishi.

Nilimwita aje mwenyewe. Nilimshikisha jani: bangi ukingo wake una meno kama msumeno mdogo, hili ukingo wake karibu laini, na shina lina vinyweleo vinavyonata mkononi. Mmoja ulikuwa umetoa maua, meupe, na zile nyuzi ndefu zinazochomoza kama sharubu za paka. Akanusa vidole vyake. Akasema inanuka vibaya kuliko bangi. Akakubali ni mboga, ila akataka nifungue dirisha mara mbili kwa siku, maana ukutani nyuma ya hema kulikuwa na ukungu wa ukubwa wa sahani. Hapo alikuwa na haki, nimeshausugua.

Mama, swali moja. Nimechuma majani ya kwanza, bakuli limejaa lakini najua yakiiva yatabaki ngumi. Maziwa ya huku nikiyaacha hayagandi kama ya kwetu, yanaoza tu. Nilaze saga na nini badala ya maziwa yaliyoganda?

* * *

Kutoka: Mama Mboga (Kisumu)

Krimu, mwanangu. Chemsha majani, mwaga maji ya kwanza ukiona uchungu umezidi, tia krimu, rudisha motoni polepole, acha ilale usiku mmoja kwenye sufuria ile ile, kesho pasha tena. Na ule wenye maua usichume. Acha ukomaze mbegu, na ile mingine kata ncha leo ichelewe kuchanua.

Yule mwenye nyumba mpelekee sahani. Na ugali wake.