Wauza sabufa, hizo wati 15,000 zinaingilia wapi?

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Nimenunua sabufa ya spika mbili. Boksi limeandikwa PMPO (eti nguvu ya juu kabisa ya muziki) 15,000W, maandishi makubwa kuliko jina la kampuni. Geuza nyuma, pale waya wa umeme unapoingia, kuna kakaratasi: 220V, 60W. Yaani kitu kinakula wati 60 halafu kitoe 15,000? Ingekuwa kweli, LUKU ingelamba uniti 15 kwa saa, na soketi ya ampia 13, ambayo mwisho wake ni wati 3,000 hivi, ingeungua kabla wimbo haujafika kwenye kiitikio.

Nikafungua skrubu. Transfoma inaenea kiganjani. Kapasita mbili za mikrofaradi 2200 za kulainisha umeme, na aisii za TDA2030 (chipu za kukuza sauti) zimebanwa kwenye kibati chembamba. Aisii yenyewe tusiionee. Ikipata umeme wa kutosha na bati nene la kuipoza, inatoa wati 14 hivi safi kwenye spika ya omu 4, na chumbani zinatosha kabisa. Hapa imenyimwa vyote viwili. Besi ikigonga volti zinashuka, taa za mbele zinafifia (zimeni taa za ndani muone za kwenu), na amplifaya inashindwa kulifikisha wimbi la sauti juu, inalikata kichwa. Ndiyo ile sauti kupasuka. Ukali unaozaliwa kwenye huo mkato unaenda moja kwa moja kwenye tuita, kile kispika cha sauti nyembamba, na yangu imeungua koili. Kurudi dukani naambiwa, "Bro, ulifungulia sana." Nilifungulia nusu!

Halafu ule mvumo wa "mmmm" hata wimbo hujaweka. Kapasita hazitoshi kulainisha umeme, au waya wa ethi wameupitisha hovyo. Lakini bluetooth ipo, USB ipo, rimoti ipo, taa za disko ndiyo usiseme. Hela ya shaba ya transfoma tu ndiyo imekosekana.

Marekani walichoshwa na uongo huu zamani. Mwaka 1974 FTC, tume yao ya biashara, ikaweka kanuni: ukitangaza wati za amplifaya ya nyumbani, useme ni za mfululizo, kwa omu ngapi, na sauti inachafuka kwa asilimia ngapi. Sisi tunauziwa PMPO, namba ambayo kila kiwanda kinajipimia kinavyotaka.

Na nyie mnaotambiana wati humu: kutoka 20 kwenda 40 ni desibeli 3 tu, sikio linasikia nyongeza kidogo. Sabufa nzito yenye wati 20 za kweli itaiaibisha hii takataka yangu mchana kweupe.

Anayejua duka linaloruhusu kufungua skrubu kabla ya kulipa aliweke hapa. Na wauzaji mliomo humu, msipite kimya, jibuni swali la kwenye kichwa cha uzi.