Uwindaji wa simba Tanzania: uendelee au ufungwe?

Mzee wa Kitalu: Wakuu, hakuna nchi Afrika yenye simba wengi kama Tanzania, na vitalu vya uwindaji bado vinauza dume. Tufunge kama Kenya 1977? Nasema tuendelee, ila sharti la kuua dume wa miaka 6 na zaidi tu lisimamiwe kweli.

Pua Nyeusi: Sharti lina sababu. Ukimuua dume anayemiliki kundi, madume wageni wanaingia na kuua watoto wote wadogo. Risasi moja, maiti tano sita. Akifika miaka 6, wengi wa watoto wake wameshakua. Kazi ni kumjua umri akiwa hai. Manyoya ya shingoni yanadanganya. Pori la Selous kuna simba wazee wana manyoya haba. Angalia pua: ya kijana ni ya waridi, madoa meusi yanaongezeka kila mwaka, yakipita nusu yuko kwenye miaka 5 na kuendelea. Sasa nani anahesabu madoa jioni, simba yuko kwenye chambo, na mteja ameshalipa?

Laikipia Juu: Kumbe mnakisia! Halafu wafugaji wenu wanalia simba kala ng'ombe, na boma lenyewe ni miiba imerundikwa tu. Huo ni uvivu.

Kijana wa Simanjiro: Uvivu? Rudia hilo neno. Simba mara nyingi hata haingii bomani. Anakaa upande upepo unakotoka, ng'ombe wakinusa wanachanganyikiwa, wanavunja miiba wenyewe, yeye anawadaka nje. Dawa ni wavu wa waya futi 6 kwenye nguzo hai za mkomifora, mti wa nyikani unaochipua ukichomekwa. Zipande mvua zikianza ili zishike mizizi, maana nguzo kavu ni chakula cha mchwa. Ukingo wa chini usipoufukia, fisi anachimba. Na ukiacha lango la miiba, umepoteza hela yote.

Laikipia Juu: Hela ipi? Huku Kenya mtu akiuawa na mnyama pori, sheria ya 2013 inasema milioni 5 za Kenya. Nyinyi je?

Mzee wa Kitalu: Milioni 5 za kwenye karatasi, familia zinasubiri miaka. Na tangu mfunge uwindaji, wanyama pori wenu wa maeneo ya malisho wamepungua kama theluthi mbili.

Laikipia Juu: Kwa sababu ya fensi, mashamba na mifugo! Uwindaji unaingiaje hapo? Jibu swali la hela.

Karani wa Kata: Najibu mimi. Kanuni za 2011 ziliweka hivi: kifo, milioni 1 ya Tanzania. Mazao, 25,000 hadi 100,000 kwa ekari kulingana na umbali kutoka hifadhini, mwisho ekari 5. Shamba likiwa ndani ya mita 500 za mpaka, hukupata kitu. Na wengi wanajikosesha wenyewe: wanavuna mabaki kabla ya tathmini, afisa akifika anakuta shamba safi. Tena msiiite fidia. Ni kifuta jasho, na kwa kifo ni kifuta machozi.

Laikipia Juu: Leso ya milioni moja.

Karani wa Kata: Kisheria kuna tofauti, ndugu. Fidia unaidai, kifuta jasho unapewa.

Mzee wa Kitalu: Tulikuwa kwenye simba, jamani.

Kijana wa Simanjiro: Simba mwachie mwenye pua. Boma la mzunguko wa mita 90 linataka roli 5 za wavu, kila moja mita 18, bado nguzo na lango la chuma. Karani, hilo lina kifungu?