Skripti ya taharuki ya dakika 12: mbona washukiwa wote ni maskini?

kalamu_ntinda
Salaam wadau. Tuna skripti ya filamu fupi ya taharuki, dakika 12, ya kupigwa hapa Kampala. Mke wa tajiri wa Kololo ametekwa. Inspekta ni mwanaume wa miaka 45. Wanaoshukiwa ni hausigeli wa miaka 19, bodaboda wa Bwaise na mlinzi wa getini kutoka kaskazini. Yupo pia bibi, mama mzazi wa tajiri, ambaye kwa sasa analia tu. Aliyetusomea anasema kila mshukiwa ni maskini, kijana au mtu wa kaskazini, na mwanamke mkuu kazi yake ni kufungwa kamba. Hatutaki filamu igeuke semina. Tukague vipi tabaka, jinsia, umri na kabila huku mtazamaji akibaki roho juu?

mkasi_na_gundi
Ndugu, usianze kwa kuhesabu maskini wangapi, wanawake wangapi. Kwenye taharuki mwenye nguvu ni mwenye habari. Chora jedwali la safu nne, onesho kwa onesho: nani amejua jambo jipya, amelijuaje, amelitumia kufanya nini, na kamera ilikuwa upande wake au ilikuwa ikimtazama. Kwa ulivyoeleza, inspekta atajaza safu ya kwanza karibu peke yake, na mlinzi ataonekana kwenye ya nne tu, akitazamwa.

Kurekebisha hakuhitaji mhusika mpya. Hausigeli ndiye anayefua mashati, anayejua ufunguo wa mlango wa nyuma unafichwa wapi, anayesikia bwana na bibi wakigombana usiku kwa sababu mbele yake hawajizuii. Mpe ugunduzi mmoja ambao inspekta hawezi kuupata, kisha mpe sababu ya kuuficha: akisema, kazi imekwisha na mshahara wa miezi miwili haulipwi. Sasa umaskini wake ndio unaovuta kamba ya kisa. Bodaboda naye anajua abiria alishukia wapi na alilipa kwa pesa za simu kutoka namba ipi.

Kagua pia sababu za uovu. Tajiri akiua, waandishi humpa utoto wa mateso, akili nyingi na hotuba ndefu. Maskini akiua hupewa panga. Kama mhalifu wenu ni maskini, basi awe na mpango, na mpango huo uwe na akili.

taa_moja
Mimi naongelea picha. Filamu ya Korea, Parasite (2019), iliweka familia maskini nusu chini ya ardhi na tajiri juu mlimani, halafu mvua ikateremka kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine. Kampala tayari imepangwa hivyo, Kololo iko juu na Bwaise iko bondeni kwenye mafuriko. Hamna haja ya mhusika kusema "sisi maskini". Pangeni tu nani anapanda na nani anashuka katika kila onesho.

Getini, piga ukiwa upande wa mlinzi. Gari la bosi linakuja usiku, taa kali zinampiga machoni, vioo ni vyeusi. Haoni aliye ndani, na hana ubavu wa kuuliza. Anafungua. Kumbe hapo ndipo mtekaji alipoingia! Shoti hiyo moja imebeba tabaka na kisa kwa pamoja.

Mwanga sasa. Kwa miongo mingi kadi za Kodak za kupimia rangi zilikuwa na picha ya mwanamke mweupe, na mazoea yale hayajaisha. Taharuki hupenda giza, kwa hiyo mwigizaji mweusi sana hugeuka kivuli chenye meno, na mtazamaji humwogopa kabla hajafanya lolote. Msipandishe ISO (usikivu wa kamera kwa mwanga), italeta chenga tu. Wekeni chanzo kikubwa laini pembeni (taa iliyogongeshwa kwenye kitambaa cheupe cha mita 2 inatosha), na taa ndogo nyuma imtenge na ukuta. Poda ipungue, ngozi ing'ae kidogo, kwa sababu mng'ao ndio unaochora uso. Mkiwa na mweupe na mweusi kwenye fremu moja, msipime kwa mweupe. Mzuieni mweupe taa kwa kitambaa cheusi hadi mwanga wake upungue kama stopu moja (yaani nusu), kisha mwangaza upimwe kwa mweusi. Na tafadhali, ule mtindo wa mke wa tajiri kuwa mweupe na jambazi kuwa mweusi tii uacheni, tumeuchoka.

dada_wa_kontinuiti
Kuhusu aliyefungwa kamba: hesabu shoti zinazoonyesha mwili wake na zile zinazoonyesha anachokiona yeye. Kama ni kumi kwa sifuri, tatizo liko hapo. The Silence of the Lambs (1991) iko wazi sana kwa somo hili. Wanaume wanaozungumza na Clarice, mpelelezi kijana wa kike, hutazama karibu moja kwa moja ndani ya lenzi, yeye hutazama kando kidogo, na matokeo yake sisi ndio tunaokodolewa macho. Kwenu, mpeni mateka dakika mbili za macho yake: anasikia adhana upande gani, sakafu ina mteremko au la, mtekaji anayemlinda anavuta sigara gani. Ajue alipo kabla ya inspekta kujua.

boss_wa_kibanda
Mnamchanganya mwenzenu. Dakika 12 ni chache. Kwenye kibanda cha video watu wanataka kumjua adui mapema, na mlinzi mkali wa kaskazini ni njia ya mkato. Mwishoni mnamsafisha, basi. Isitoshe VJ, yule anayetafsiri na kusimulia filamu kwa Kiganda, akishaweka sauti yake juu, inspekta wenu anaweza kupewa jina la Kiganda na hausigeli akawa kichekesho, hata mkipanga vipi.

mkasi_na_gundi
Bosi, kuhusu VJ una haki: anayechambua filamu za hapa achambue sauti mbili, ya asili na ya VJ. Lakini kumsafisha mlinzi dakika ya 11 hakufuti dakika kumi za kumshuku. Isitoshe mtego huo ni dhaifu, kila mtu ameshauona. Tazama mwisho wa Get Out (2017): taa zinazodhaniwa ni za gari la polisi zinapotokea, ukumbi mzima unaogopa kwa ajili ya kijana mweusi, si kumwogopa yeye. Fanyeni hivyo. Mapema mtuonyeshe mlinzi akifanya jambo tunalojua ni safi, kisha inspekta amshuku. Shaka itoke kinywani mwa inspekta, kamera isishirikiane naye.

Halafu "kaskazini" si kabila. Mwacholi, mtu wa Lango, Mlugbara na Mkaramojong hawasemi lugha moja. Chagueni mmoja, mtafuteni mwigizaji anayeisema lugha hiyo, wala msimwandikie Kiingereza kibovu. Na Kiswahili kisiwe cha wanajeshi na majambazi peke yao, sinema zetu zimezoea mno. Mpeni bibi.

kalamu_ntinda
Asanteni. Bibi ametuvutia. Je, inatosha tukimfanya inspekta kuwa mwanamke?

dada_wa_kontinuiti
Kubadili jina tu hakutoshi. Mkimfanya mwanamke, maonesho yabadilike: konstebo anamsalimu "afande" lakini taarifa anampa sajenti wa kiume aliyesimama pembeni. Anaipata ikiwa imechelewa, na ucheleweshaji huo uwe na gharama kwenye kisa. Umri vilevile. Bibi wa miaka 70 kwenye filamu zetu huwa mchawi au mwenye hekima, hana katikati. Wa kwenu awe mwongo. Anajua mwanawe ndiye aliyepanga utekaji, anamlinda, na machozi yale ni ya kumzuia inspekta asiingie chumba cha pili. Mstari wake wa kwanza wa uongo uwe dakika ya 3, mtazamaji akiwa bado anamhurumia, na kamera ibaki kwenye mikono yake inayokunja leso, si usoni.