Naomba ushauri: mshahara wa dola 130, niweke akiba au niingize kwenye mahindi?

Wandugu, jambo. Mimi ni mlinzi wa usiku hapa Lubumbashi, naishi Katuba na bibi, yaani mke wangu, na watoto watatu. Napata dola 130 kwa mwezi. Nikishalipa nyumba, unga na masomo, hubaki 15, na mwezi mwingine hakibaki kitu.

Tuko watu kumi kwenye likelemba, yaani kikundi cha kupeana pesa kwa zamu, kila mtu anatoa dola 10 kwa mwezi. Mwezi wa tano ni zamu yangu, nitashika 100.

Bibi anasema tuziweke kwa dharura, maana mwaka jana mtoto alilazwa tukakopa kwa riba. Maneno yake yananigusa sana. Lakini mimi naona mwezi wa tano mahindi mapya yanashuka bei, na kufika Januari unga unapanda, hasa magari yakikwama Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Ningenunua mifuko michache, niiweke, niuze wakati huo. Naogopa wadudu na unyevu wa mvua. Chumba chetu kinavuja.

Kwa mtu wa kipato changu, hiyo ni akili kweli? Au nigawe, nusu akiba nusu mahindi? Waliokwisha kuhifadhi mahindi nyumbani, mlifanyaje?